Dogo mfupi anaejua mpira msimkate mapema

Nafundisha madogo wa chini ya miaka 15 hapa Dodoma, kiwanja chetu kiko huku Nkuhungu, vumbi na mawe mawe, na kila ukifika mchujo naona kosa lilelile, madogo wanapangwa mstari alafu jicho la kocha linaenda kwa yule mrefu mwenye kifua. Juzi kiungo wangu bora, miaka 13, kaachwa kwenye timu moja kwa maneno mawili tu, "mdogo sana". Imeniuma sana.

Sisemi nguvu haina kazi. Mpira wa sasa presha tupu, ukichelewa kidogo watu wawili wako miguuni, na Haaland, mshambuliaji wa Man City, na lile jumba lake la mwili kapiga magoli 36 ligi ya Uingereza msimu wa 2022/23. Ila muangalie anavyoanza kukimbia nyuma ya beki kabla pasi haijatoka, ile ni akili, sio misuli.

Kinachotudanganya umri huu ni kubalehe. Madogo wawili wamezaliwa mwaka mmoja, mmoja kashaanza ndevu mwingine sauti bado ya kitoto, miili inaweza kupishana kama miaka miwili mitatu hivi. Aliyewahi kukua anapita kwa kusukuma, kutuliza mpira hajifunzi maana hajawahi kuhitaji, akifika 18 wenzake wameshamfikia mwili ndo unasikia "dogo alikua moto zamani, sijui kapotelea wapi". Yule mdogo kila siku anatafuta njia, anageuza shingo kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia, anapokea kwa mguu ulio mbali na beki, anaweka kiwiliwili kati ya mpira na mtu. Na kwa viwanja vyetu hivi mpira unavyodunda ovyo, usipoutuliza mara ya kwanza ushaibiwa.

Griezmann timu za kwao Ufaransa zilimkataa kisa umbo, akaenda kukulia Real Sociedad huko Hispania, na 2018 kafunga fainali ya Kombe la Dunia akiwa na Ufaransa hiyohiyo, kikosi kimoja na kiungo Kanté ambae hata mita 1.70 hafiki. Mwaka huohuo Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ikaenda kwa Modrić, kiungo wa Croatia, mtu wa mita 1.72.

Mimi siku hizi mazoezini siku moja ya wiki nawagawa kwa ukuaji sio kwa umri, baadhi ya akademi za Uingereza wanafanya hivyo. Wakubwa wakicheza na wakubwa wenzao kusukuma hakusaidii tena, inabidi wapige pasi, na wadogo wanapata nafasi ya kuongoza mchezo. Siku zingine nawachanganya, chandimu ya wanne kwa wanne, gusa mbili tu.

Kocha mwenzangu, kabla hujamkata dogo kwa kimo, muite mzazi umuulize baba ana urefu gani na kaka zake walianza kurefuka wakiwa na miaka mingapi. Huyu wangu kaka yake alirefuka akiwa kidato cha nne.