Kompyuta "haiwaki" ni ipi, na ipi imewaka ila haionyeshi

Kompyuta ya mezani haiwaki pale unapobonyeza kitufe na kusiwe na chochote kinachoitikia: feni hazizunguki, taa ya mbele haionekani, hakuna mlio. Maana yake ni hiyo tu. Feni zikizunguka huku kioo kikibaki cheusi, kompyuta hiyo imewaka. Kilichoshindikana ni kujikagua au kutoa picha, na hilo ni tatizo lingine kabisa.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanatumia pesa bure. Fundi akipigiwa simu na kuambiwa "mashine haiwaki", anabeba pawa saplai, yaani kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Anafika, anabadilisha, kioo bado cheusi. Kumbe RAM, yaani kibao cha kumbukumbu ya muda, imelegea, au meno yake yamechafuka kwa vumbi na unyevu. Pale dawa ilikuwa kuchomoa waya wa umeme, kuitoa RAM, kuyasugua taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kupangusa mabaki, kisha kuirudisha na kuikandamiza mpaka kibanio kilie "ta". Wakati mwingine hata hicho hakihitajiki: mashine ina kadi ya picha, na waya wa monita umechomekwa kwenye tundu la mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) badala ya la kadi.

Mkanganyiko huu umetokana na kitufe chenyewe. Kwenye kompyuta za zamani za mfumo wa AT, swichi ya mbele ilikuwa swichi kweli. Waya mnene ulitoka kwenye pawa saplai mpaka usoni mwa kasha, na umeme wa ukutani ulikatwa na kuunganishwa hapo hapo. Mwaka 1995 Intel ikatoa mpangilio wa ATX, yaani kanuni mpya za umbo na umeme wa kompyuta za mezani, na tangu hapo kitufe hakikati umeme wowote, kinaomba tu. Ukichomeka waya ukutani na swichi ya nyuma ikiwa kwenye I (imewashwa), pawa saplai inaanza mara moja kutoa volti 5 za kusubiri kwenye waya wa zambarau, hata kama kompyuta imezimwa. Ndiyo maana mazabodi nyingi huwa na kitaa kidogo kinachowaka muda wote. Ukibonyeza, pini mbili za mazabodi zinagusana kwa kitambo. Mazabodi inaushusha waya wa kijani mpaka volti sifuri, na pawa saplai inafungulia volti 12, 5 na 3.3. Zikishatulia, inatuma ishara kwenye waya wa kijivu, ndipo prosesa inaruhusiwa kuanza kazi.

Kwa hiyo "haiwaki" ya kweli ina mahali pake pa kutafutwa, na panaanzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, jaribu waya mwingine, iruke ekstensheni. Tazama swichi ya nyuma. Kama kitaa cha mazabodi kinawaka lakini kitufe hakiitikii, huenda kitufe kimekufa au waya wake umechomoka. Ukizigusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi na mashine ikanguruma, kosa ni la kitufe au waya wake, si la pawa saplai. Kama kitaa hakiwaki kabisa, pawa saplai ndiyo ya kushuku kwanza, hasa ikiwa umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo.

Mafundi wengi huichomoa pawa saplai kwenye mazabodi na kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi. Kipimo hicho ni halali, ila kinathibitisha kwamba inaanza tu, hakithibitishi kwamba inahimili mzigo; volti zipimwe kwa multimita. Tena rangi hizo ni za ATX ya kawaida. Dell nyingi za ofisini zinazouzwa kama mtumba zina plagi zao wenyewe, kwa hiyo usiende kwa mazoea. Na pawa saplai isifunguliwe nyumbani, kwani kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Ikiwa nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, kiwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka, maana umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Kikiwa kwenye 115 unaiunguza papo hapo.

Kuna na hali ya tatu: inawaka sekunde moja, inazima. Hiyo nayo siyo "haiwaki". Mara nyingi pawa saplai inajikinga kwa sababu kuna shoti mahali, labda skrubu iliyoanguka chini ya mazabodi, na kuibadilisha hakutaiondoa skrubu.

Si lazima mteja ajue waya wa zambarau ni upi. Ila kabla ya kumpigia fundi, bonyeza kitufe, weka kiganja nyuma ya kasha usikie kama kuna upepo, hesabu milio kama ipo, kisha mwambie hivyo hivyo: "Feni inazunguka, imelia mara tatu, kioo cheusi." Akisikia hayo ataanza na RAM, na pawa saplai ataiacha dukani.