Je, wajua kwa nini picha iliyokatwa hubaki na mstari mweupe pembeni?

Tuseme unatengeneza kolaji ya bango. Umemtoa korongo taji, ndege wa taifa la Uganda, kwenye picha iliyopigwa mbele ya anga jeupe, ukamweka juu ya tabaka (picha moja katika rundo la picha zilizopangwa juu ya nyingine) jeusi. Mwili umekaa sawa, lakini shungi lake la dhahabu limezungukwa na ukungu mweupe.

Wengi huulaumu mkono. Hukuza picha hadi asilimia 400, huuchora mpaka upya kwa uangalifu zaidi, na mstari hubaki palepale. Wengine hutafuta picha yenye pikseli nyingi zaidi. Mstari huwa mwembamba tu, hauondoki. Wengine hushika kifutio chenye ncha kali, wakaishia na kingo zenye meno ya msumeno, na weupe bado upo, ila sasa umekatika vipandevipande. Mpaka uliochorwa hauna kosa. Weupe umo ndani ya pikseli zenyewe.

Pikseli moja hubeba rangi moja tu. Unyoya ukifunika nusu yake na anga nusu nyingine, kamera hurekodi mchanganyiko. Chukua unyoya wenye nyekundu 220, kijani 170 na buluu 40, na anga lenye 255 kwa zote tatu, yaani nyeupe kabisa: pikseli ya ukingoni itakuwa karibu 238, 213, 148. Hiyo ni chai ya maziwa. Ukiimwaga nusu, kilichobaki kikombeni bado ni chai ya maziwa, na maziwa yake yamo kwa kiwango kilekile. Programu nayo inapoipa pikseli hiyo uwazi wa asilimia 50, inapunguza chai bila kuyagusa maziwa. Juu ya nyeusi tulitarajia nusu ya rangi ya unyoya, 110, 85, 20, yaani dhahabu iliyokolea. Tunapata 119, 106, 74, rangi ya vumbi.

Kwa hiyo kinachotibiwa ni rangi. Katika Photoshop au GIMP, programu za kuhariri picha, lifiche anga kwa maski (kifuniko kinachoamua sehemu ipi ya tabaka ionekane) badala ya kifutio, kwa kuwa maski haifuti kitu na unaweza kuirekebisha baadaye. Kwa mwili, mdomo na miguu, sogeza mpaka wa maski ndani kwa pikseli 1, kisha ulainishe kwa nusu pikseli. Usifanye hivyo kwenye shungi: nyuzi zake ni nyembamba mno, zitapotea. Hapo ongeza tabaka jipya juu ya ndege, libane lionekane pale tu alipo ndege, chukua sampuli ya rangi katikati ya unyoya mnene, na upake kingo kwa brashi laini. Umbo linabaki la maski, rangi inakuwa safi, na zile 110, 85, 20 zinapatikana.

Nywele nyeusi zilizopigwa mbele ya ukuta mweupe zina njia ya mkato nzuri sana: weka tabaka lake katika hali ya kuzidisha (Multiply). Nyeupe hupotea yenyewe, mradi mandhari mapya yawe angavu. Juu ya nyeusi kila kitu kitakuwa cheusi.

Vitufe vya kuondoa mandhari kwa mbofyo mmoja husaidia, lakini kwenye nyuzi hukisia. Pikseli inatoa namba 3, na zinazotafutwa ni 7: tatu za unyoya, tatu za anga, na kiasi cha ufunikaji. Mwaka 1996 Alvy Ray Smith na James Blinn, wataalamu wa michoro ya kompyuta, walionyesha kwamba ukipiga kitu kilekile mbele ya mandhari mbili za rangi tofauti zinazojulikana, jibu hupatikana kwa hesabu. Kikapu kitatulia kwa picha mbili, korongo hatatulia.

Kwenye uchapishaji wa pikseli 300 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.085, na jicho halihangaiki nayo. Lakini picha ndogo ikikuzwa mara nne ili ijaze bango la A3 kule Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, ukingo huo unafika milimita 0.34, na mteja anauona. Usimpelekee mchapaji ndege aliyekatwa katika JPEG, kwa sababu haihifadhi uwazi na sehemu tupu kwa kawaida hujazwa nyeupe. Hifadhi PNG, na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili la waraka, kwani ikienda kama picha ya kawaida itabanwa na uwazi utapotea.