Kujiinua kwa droni ya matanga

Droni ya matanga ni chombo cha baharini kisicho na nahodha. Husukumwa na upepo, na vifaa vyake hutumia umeme wa sola. Kujiinua ni uwezo wake wa kusimama tena chenyewe baada ya kupinduliwa na wimbi. Kwenye bahari chafu kitapinduka tu, hivyo kazi ya mbunifu ni kuhakikisha kinarudi. Droni ya kampuni ya Saildrone iliyoingia ndani ya kimbunga Sam, Atlantiki, mwaka 2021, ilikuta mawimbi ya mita 15 ikiwa na tanga gumu lililofupishwa makusudi.

Kinachoinua ni uzito wa chini: farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya risasi kwenye ncha ya mkuku, yaani ubao wa chini ya chombo, na betri zilizokazwa sakafuni. Betri ikichomoka chombo kikiwa kichwa chini, inaangukia upande wa sitaha na kukishikilia hapo hapo.

Ukiwa Dodoma, bwawa la Hombolo linatosha kwa jaribio la kujiinua. Laza chombo hadi mlingoti uguse maji, kisha kishikilie kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye ncha ya mlingoti. Chombo cha kilo 60 chenye mlingoti wa mita 1.5, mizani ikisoma kilo 2, mkono wake wa kujiinua (umbali wa mlalo kati ya uzito wa chombo na nguvu ya maji inayokieleza) ni kama sentimita 5 (2 × 1.5 ÷ 60). Halafu kigeuze kabisa, mkuku juu. Kikitulia hivyo, sitaha ni pana na bapa mno. Ipe mgongo wa mviringo, au jaza tanga povu lisilonyonya maji ili lielee.

Kinachosahaulika ni hewa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Boksi la elektroniki likifungwa hapa na kupelekwa Dar es Salaam, kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya nje inazidi ya ndani kwa kiasi kinacholingana na kuzama zaidi ya mita 1 majini, kabla hata halijalowa! Likifungwa saa nane mchana kwenye joto, hali ni mbaya zaidi, maana hewa ikipoa inasinyaa na boksi linanyonya unyevu kupitia oringi, pete ya mpira inayoziba kifuniko. Lifungulie ufukweni asubuhi, ulifunge upya, au uweke vali yenye utando unaopitisha hewa bila maji. Acha kipande cha tishu kavu ndani. Kikitoka na unyevu, kagua oringi kwanza: mara nyingi ni chembe ya mchanga.