Maana ya "sorry": ni pole au ni samahani?

Mtu akijikwaa mbele yako, Arusha au Mombasa, neno linatoka lenyewe: "Sorry!" Kwetu hiyo ni pole tu. Mwambie hivyo Mwingereza aliyejikwaa, na huenda akakujibu kwa mshangao kwamba si wewe uliyemsukuma. Hajakudharau. Amesikia unaomba radhi, na haoni kosa lako liko wapi.

"Sorry" ni kivumishi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", yaani mwenye maumivu, kutoka shina lililozaa pia "sore", neno la kidonda na maumivu. Wengi hudhani limetokana na "sorrow", huzuni, lakini hayo mawili yamekuja kufanana baadaye tu. Shina si moja. Kwa hiyo anayesema "I am sorry" anasema, kwa asili, kwamba anaumia. Anaumia kwa lililokupata, au kwa alilokutenda? Neno lenyewe halisemi.

Kiswahili kimeyatenganisha mambo haya hadi kwenye majibu. Ukiambiwa pole, unajibu "nishapoa" au "asante". Ukiambiwa samahani, unajibu "bila samahani" au "usijali". Dar es Salaam, mtu akikukanyaga kwenye daladala kisha akakwambia "pole" akanyamaza, utamtazama mara mbili: pole ya nini, na mguu ulionikanyaga ni wako wewe? (Nairobi wamelegeza kidogo. Huko "pole" hutumika hata na mwenye kosa, na hakuna anayegomba.)

Kwenye Kiingereza, basi, sikiliza kinachofuata baada ya "sorry". "I'm sorry for your loss" ni pole ya msiba. "I'm sorry for shouting at you" ni kukiri kosa, ingawa kihusishi "for" ni kilekile. Kinachoamua ni jambo lenyewe: limempata msikilizaji, au limetendwa na msemaji? "Sorry to hear that" ni pole siku zote. "Sorry to bother you" ni samahani kwa usumbufu. "Sorry about" huenda kote kote, na hapo inabidi umtazame mtu usoni.

Matumizi mengine hayasumbui. "Sorry?" kwa sauti inayopanda ni "umesemaje?" "You'll be sorry" ni onyo: utajuta. "Feel sorry for" ni kumwonea huruma mtu, na mtu mzima mwenye akili zake hapendi kuambiwa hivyo. Likitangulia nomino linakuwa kali: "a sorry state" ni hali duni, ya kusikitisha.

Utata huu una faida kwa anayetaka kusema bila kukiri. Ndiyo maana ya ile sentensi maarufu ya wanasiasa na mameneja, "I'm sorry if anyone was offended". Hilo "if" linamaliza kila kitu: kosa limekuwa dhana tu, na mzigo umehamia kwa aliyeudhika. Sisi nasi tumeiga, "samahani kama kuna aliyekwazika", na haivutii hata kidogo.

Wanasheria wameliona tatizo. Jimbo la Ontario, Canada, lilitunga sheria mwaka 2009 inayosema kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa katika kesi za madai. Tafsiri yake ya kuomba radhi inajumuisha maneno ya huruma, ya masikitiko na ya majuto, yote katika kapu moja. Daktari anaweza kumwambia mgonjwa "I'm sorry" bila kuogopa kwamba kesho neno hilo litasomwa mahakamani dhidi yake.

Serikali huwa na tahadhari zaidi, na mara nyingi hulikwepa neno lenyewe. Australia, mwaka 1999, Bunge chini ya Waziri Mkuu John Howard lilipitisha azimio la "regret", yaani masikitiko, kwa waliyotendewa wenyeji wa nchi hiyo. Watu hawakuridhika. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni akatamka "we say sorry" kwa watoto wa wenyeji hao walioporwa kwa wazazi wao na kwa familia zao, na neno hilo moja ndilo lililokuwa likisubiriwa miaka yote.

Kenya inalijua jambo hili vizuri. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia Bunge lake kwamba serikali "sincerely regrets" mateso ya wakati wa Mau Mau, na ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wadai 5,228. Mfalme Charles wa Uingereza, akiwa Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023, alitaja "the greatest sorrow and the deepest regret". Alikubali kwamba ukatili ule haukuwa na kisingizio, ila radhi hakuomba. Siku iliyofuata, huko Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha waziwazi kwa waliyotenda Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji.

Kwa hiyo "regret" isitafsiriwe "kuomba radhi". Ni kusikitika, neno lilelile la barua za kunyimwa kazi: "we regret to inform you". Mhariri anayeandika "Mfalme aomba radhi" kwa sababu ya "regret" anampa mtu sifa ya jambo ambalo hakulifanya. Nawe ukitaka kuomba radhi kwa Kiingereza pasibaki shaka, andika "I apologise for" kisha utaje kosa lako kwa jina, na "if" uiache.