Drafti ya futiboli ya Australia: maana ya kumpima chipukizi

Kwa wengi wetu drafti ni ule ubao wa miraba na vizibo vya soda vinavyosukumwa barazani jioni. Ligi kuu ya futiboli ya Australia, AFL, ina drafti yake, na hiyo ni siku ambayo klabu 18 huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Aliyeshika mkia kwenye msimamo huanza, bingwa husubiri mwishoni. Utaratibu huu ulianza mwaka 1986, na sababu yake ni rahisi kuielewa: klabu tajiri zisizoe vipaji vyote kila mwaka. Hakuna dau la usajili linalolipwa kwa klabu ya mtaani, na kijana hajichagulii timu. Akiitwa na klabu iliyo upande wa pili wa bara, anafunga mizigo.

Ili aingie, kijana lazima awe ametimiza miaka 18 kabla mwaka wa drafti haujaisha. Kwa hiyo wengi wanaotazamwa uwanjani bado ni wanafunzi wa sekondari. Kazi ya kuwatazama, kuwapima na kuwapanga, nani awe chaguo la 1 na nani la 50, ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa watu wengi hudhani ni suala la saa ya kupimia mbio na futi ya kupimia kimo.

Kwanza mchezo wenyewe. Wachezaji 18 kila upande, uwanja wa duara lililorefuka, mpira wa umbo la yai. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Anayedaka mpira uliopigwa mita 15 au zaidi bila kugusa chini hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Goli lina alama 6. Mchezaji wa kiungo hukimbia kilomita zaidi ya 12 katika mechi moja, huku akigongwa na kuangushwa. Hakuna anayevaa kinga za mwili kama kwenye futiboli ya Marekani.

Kila mwaka baadhi ya chipukizi hualikwa kwenye kambi ya vipimo. Hapo wanakimbia mita 20, wanakimbia kilomita 2, wanapita kwa kasi kati ya vizuizi vya kukata kona, wanaruka juu wakiwa wamesimama na wakitokea mbio. Anayemaliza mita 20 chini ya sekunde 2.9 ana kasi kwelikweli. Anayemaliza kilomita 2 chini ya dakika 6 ana pumzi ya kucheza kati uwanja mzima. Mwaka 2021 Leek Aleer aliruka sentimita 107 akitokea mbio, na GWS Giants wakamchukua katika drafti ya mwaka huohuo. Namba hizi zina thamani, lakini thamani yake ni kuthibitisha. Skauti aliyemfuatilia kijana msimu mzima anajua tayari kwamba ana kasi. Kambini anahakikisha macho yake hayakumdanganya. Kipimo kinapomshangaza, anarudi kwenye video kutafuta ni wapi alipitiwa.

Kazi yenyewe hufanyika pembeni ya uwanja, kwenye baridi, katika ligi ya vijana ya jimbo la Victoria na katika mashindano ya taifa ya chini ya miaka 18. Skauti mzuri humwacha mwenye mpira na kumtazama yule asiye nao. Mpira ukipotea, anageuka na kukimbia kurudi nyuma, au anashika kiuno? Akikosea, dakika mbili zinazofuata anacheza vipi? Mpira wa kugombea, ule ulioanguka katikati ya watu sita, anauingia kwa kichwa kilichoinama au anasubiri utoke nje? Mguu wake dhaifu ukibanwa, pasi inafika? Mimi ningeanza na swali hilo la mguu, kwa sababu kijana mwenye mguu mmoja tu hufika ligi kuu akakutana na watu wazima waliokwisha kujua atageukia upande gani.

Hesabu za mechi nazo zina mtego. Mchezaji anaweza kuutoa mpira mara 30 ikaonekana ametawala, kumbe nusu yake alipokea pasi rahisi kule nyuma ambako hakuna wa kumkaba. Mwingine ana mara 14, na 10 kati ya hizo aliupata chini ya miguu ya watu. Kuna pia tofauti ya nani anakabiliana naye. Vijana wa Australia Kusini na Australia Magharibi hupata wakati mwingine kucheza kwenye ligi za watu wazima za majimbo yao, SANFL na WAFL. Mechi chache za kawaida humo humwambia skauti mambo ambayo mechi nyingi nzuri dhidi ya vijana wenzake haziwezi kumwambia.

Halafu kuna mwili. Waliozaliwa Januari na waliozaliwa Desemba wako kwenye kundi moja, na katika umri huo miezi 11 ni mingi. Anayewaangusha wenzake kwa sababu amekomaa mapema huenda ameshafika kilele chake. Mwembamba anayepitwa nguvu lakini daima yuko mahali mpira unapoangukia bado ana nafasi ya kukua. Warefu ndio wagumu zaidi kuwasoma, hasa raki, yule anayegombea mpira mwamuzi anapouanzisha katikati. Max Gawn, mwenye zaidi ya mita 2, alichaguliwa na Melbourne mwaka 2009 akiwa wa 34. Alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Kwa hiyo neno kupima linapotosha kidogo. Klabu inauliza kijana huyu atakuwa nani akiwa na miaka 23. Wanaita upeo kile anachoweza kufikia akifanikiwa kabisa, na utayari kile anachoweza kufanya msimu ujao. Timu iliyo karibu na ubingwa huvutwa na utayari. Iliyo mkiani huweza kusubiri upeo. Madaktari hukagua magoti na mabega, na mahojiano huchimba habari za nyumbani, shule, usingizi, na jinsi anavyopokea kukosolewa.

Mwaka 2001 Hawthorn walimchukua Luke Hodge wa kwanza, St Kilda Luke Ball wa pili, West Coast Chris Judd wa tatu. Judd alitwaa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, mwaka 2004 na 2010. Hodge aliinua kombe kama nahodha mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015. Watu wangali wanabishana nani alipaswa kuwa wa kwanza, na kwangu mimi Hawthorn hawana cha kujutia. Kosa halisi ni la mwaka 2011, klabu zilipomwacha Lachie Neale asubiri hadi chaguo la 58. Alikuwa mfupi, na ufupi ni rahisi kuuona. Mikono yake kwenye msongamano haikuwa na kipimo kambini. Ana Brownlow mbili, 2020 na 2023.

Na yupo Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akafika Australia akiwa mtoto. Sydney walimchagua mwaka 2013, chaguo la 44, kwa kimo chake na jinsi anavyoruka kuupiga ngumi mpira wa adui. Vingine vilikuwa vya kufundishwa. Alicheza mechi ya kwanza ya ligi kuu mwaka 2016. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, alikuwa mlinzi katika kikosi bora cha ligi.