Jinsi Ujauzito na Kunyonyesha Vinavyobadilisha Matiti

Titi la mwanamke halimalizi kukua wakati wa kubalehe. Huota katika umri huo na hubadilika kidogo kila mwezi kwa kufuata mzunguko wa hedhi, lakini sehemu yake inayotengeneza maziwa hubaki changa mpaka mimba itunge. Mabadiliko ya matiti katika ujauzito na kunyonyesha ni hatua ya mwisho ya ukuaji huo, ambayo hufuatwa na kipindi cha kazi, kisha kipindi cha mapumziko mtoto anapoachishwa ziwa. Mwanamke akiufahamu mpangilio huu mapema, mengi ambayo yangemtia hofu huyapokea kama yalivyo, na machache yanayostahili kumpeleka kwa daktari huyatambua kwa wakati.

Ndani ya titi mna mafuta, nyuzi zinazolishikilia, na tezi za maziwa. Tezi hizo ni vifuko vidogo sana vilivyoshikana kama vichala vya zabibu, na kila kichala kina mrija mwembamba ambao huungana na mingine hadi kufika kwenye chuchu. Mimba inapotunga, homoni ya estrojeni huifanya mirija irefuke na kutoa matawi, projesteroni huongeza idadi ya vifuko, na prolaktini, ikisaidiana na homoni zinazotoka kwenye kondo la nyuma, huviandaa vifuko hivyo kwa kazi ya kutengeneza maziwa. Tezi zinapoongezeka, huchukua nafasi ambayo awali ilijazwa na mafuta. Damu nayo hupita kwa wingi zaidi, na ndiyo sababu mishipa ya buluu huonekana chini ya ngozi ya kifua, hasa kwa wanawake wenye ngozi nyeupe.

Dalili za nje huanza mapema. Katika wiki chache za mwanzo, wakati mwingine kabla mwanamke hajajua kuwa ni mjamzito, matiti hujaa, huwa mazito na huuma yakiguswa. Maumivu hayo kwa kawaida hupungua baada ya miezi mitatu ya kwanza, ingawa matiti huendelea kukua. Chuchu hutokeza zaidi, na duara linalozizunguka hupanuka na kukoza rangi. Juu ya duara hilo huonekana vinundu vidogo vinavyoitwa tezi za Montgomery, kwa jina la William Montgomery, daktari wa uzazi wa Ireland aliyevieleza mwaka 1837. Vinundu hivyo hutoa mafuta yanayoilainisha na kuilinda ngozi ya chuchu, kwa hiyo havipaswi kubinywa, wala hakuna haja ya kuzisugua chuchu kwa sabuni. Baadhi ya wanawake hupata mistari kwenye ngozi iliyovutika, na wengine huvimba kwapani kwa sababu tishu za titi zimeenea hadi huko. Hilo la kwapani huwashtua wengi, lakini mara nyingi halina madhara.

Kufikia katikati ya ujauzito, titi tayari lina uwezo wa kutengeneza dang'a, yaani maziwa ya kwanza, mazito na mara nyingi yenye rangi ya manjano. Wapo wanaovuja matone kabla ya kujifungua na wapo wasioona hata tone moja, na tofauti hiyo haitabiri wingi wa maziwa baadaye. Kinachozuia maziwa kutoka kwa wingi katika miezi hiyo ni projesteroni, ambayo hubaki juu maadamu kondo la nyuma lipo. Kondo likishatoka, homoni hiyo hushuka kwa kasi, na kati ya siku ya 2 na ya 4 baada ya kujifungua maziwa hujaa. Siku zinazotangulia, dang'a hutoka kidogo sana, na mama wengi hudhani kuwa hawana maziwa. Ukweli ni kwamba kiasi hicho kinalingana na tumbo la mtoto mchanga, nacho kina kinga nyingi za mwili.

Maziwa yanapojaa, matiti yanaweza kuwa magumu, ya moto na yenye maumivu, kwa kuwa pamoja na maziwa kuna damu na majimaji yaliyoongezeka. Kumnyonyesha mtoto mara kwa mara huleta nafuu. Ikiwa duara la chuchu limekaza kiasi cha kumshinda mtoto kulikamata, kukamua kidogo kwa mkono kwanza hulilainisha.

Baada ya hapo titi huongozwa na matumizi. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa prolaktini inayoagiza maziwa yatengenezwe, na oksitosini inayovibana vifuko ili maziwa yashuke. Homoni hii ya pili ndiyo inayomfanya mama ahisi tumbo la uzazi likikaza katika siku za mwanzo, na inaweza kuamshwa hata na kilio cha mtoto. Titi linaloachwa limejaa hupunguza utengenezaji, na linalonyonywa vizuri huongeza. Ukubwa wa titi hauamui wingi wa maziwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukubwa huo hutokana na mafuta. Vilevile, titi linapolainika baada ya wiki kadhaa si dalili ya maziwa kukauka. Uvimbe wa mwanzo umekwisha na utengenezaji umelingana na mahitaji ya mtoto.

Kuna dai linalorudiwa sana kwamba kunyonyesha hulegeza matiti, na lina uzito kwa sababu wapo wanawake wanaoacha kunyonyesha kwa ajili yake. Brian Rinker, wakati huo akiwa daktari wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Kentucky nchini Marekani, alilichunguza pamoja na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliona kuwa kulegea kulihusiana na umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya ujauzito na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuonekana kuwa chanzo. Hili linaeleweka, kwani ngozi na nyuzi huvutika wakati titi linapokua katika ujauzito, na hilo humpata pia mama ambaye hakunyonyesha hata siku moja.

Mtoto anapoachishwa ziwa, vifuko hunywea na mafuta hurudi taratibu kwa muda wa miezi. Katika kipindi hicho matiti yanaweza kuonekana matupu au madogo kuliko zamani. Baadhi hurudia umbo lililokaribia lile la awali, mengine hubaki tofauti. Matone ya maziwa yanaweza kuendelea kutoka kwa miezi kadhaa. Ni heri kuachisha polepole, maana kukatiza ghafla huleta uvimbe na maumivu.

Kunyonyesha pia huacha faida ndani ya titi. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa hatari ya saratani ya matiti hupungua kwa takriban asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Hata hivyo, saratani inaweza kumpata mjamzito au anayenyonyesha, na mabadiliko ya kawaida yanaweza kuificha. Uvimbe usiopungua baada ya wiki moja au mbili, ngozi iliyobonyea au kukunjamana, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au damu inayoendelea kutoka kwenye chuchu ni mambo ya kuonyeshwa kwa daktari bila kusubiri mtoto aachishwe. Titi lenye joto na maumivu pamoja na homa huenda lina maambukizi. Mama atibiwe mapema, na kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha titi hilohilo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo joto na maumivu yapewe uzito zaidi kuliko rangi.