Rimeki ni nini hasa, na mbona kila muvi tunaiita hivyo?

Ukipita kwa kibanda chochote cha muvi hapa Nakuru, iwe ni zile za town karibu na stage ama ndani ndani huko Kaptembwo, utasikia mtu anaambiwa "boss chukua hii, ni rimeki" na ukiangalia vizuri hiyo kitu si rimeki, ni ya pili yake, ama ni ile ile ya zamani imesafishwa picha ikang'aa. Kwa magrupu ya WhatsApp ndio mbaya zaidi, trela ikitoka tu watu washaanza kulia ati Hollywood wameishiwa na stori, wanatupashia kiporo. Kiporo zingine ziko tamu, hiyo tutafika, lakini kwanza tujue tunabishana juu ya nini.

Rimeki ni muvi mpya inayosimulia stori ya muvi ingine iliyotoka zamani, kutoka mwanzo, na waigizaji wengine, na ile ya kwanza ni kama haikuwahi kuwepo. Basi. Kitu cha kujiuliza ukitaka kujua ni hiki, hii mpya inakumbuka ile ya zamani? Kama haikumbuki na inarudia stori ile ile, hiyo ni rimeki. Kama haikumbuki lakini imechukua tu yule jamaa mkuu ikampea maisha mapya na stori mpya, hiyo ni ributi. Kama inakumbuka, yaani watu wa hii ya sasa wanajua yaliyotokea kwa ile ingine, hiyo ni sikweli, muendelezo, haijalishi imekaa miaka mingapi.

Chukua Lupita Nyong'o peke yake, binti ya Profesa Anyang' Nyong'o, watu wa Kisumu mnamjua msiwe mnajifanya. Huyo dada amepitia karibu kila aina. The Jungle Book ya 2016, ile yeye ni sauti ya mama mbwa mwitu anayemlea Mowgli, hiyo ni rimeki ya katuni ya Disney ya 1967. Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 ni sikweli, na ile inakumbuka hadi inauma, kwa sababu Chadwick Boseman alikuwa ameaga 2020 na studio ikakataa kuweka mtu mwingine aigize T'Challa, yule mfalme wa muvi ya kwanza, muvi ikaanza na matanga yake. Halafu A Quiet Place: Day One ya 2024 inarudi nyuma, inaonyesha ile siku ya kwanza wale viumbe wanaangukia New York, wakati ile ya 2018 ilianza watu washazoea kunyamaza. Hiyo ya kurudi nyuma inaitwa prikweli. Na The Odyssey ya Christopher Nolan, ile imepangiwa Julai 2026 na yeye yuko ndani, si yoyote kati ya hizi, hiyo wametoa kwa utenzi wa Homer wa Wagiriki wa kale. Kwa hivyo mtu akikuambia Lupita anafanya rimeki muulize gani.

Hapo kwa vitabu ndio watu wengi huchanganyikiwa. Muvi mbili zikitoka kwa kitabu kimoja haimaanishi ya pili ni rimeki ya kwanza. Dune ilifanywa 1984, ikafanywa tena 2021 na Denis Villeneuve, lakini huyu wa pili hakuwa anaiga yule wa kwanza, alirudi kwa kitabu akasoma upya akatoa yake, hata akakata stori katikati akaimalizia 2024. Mimi hiyo siiti rimeki. Kuna watu wataniambia mbona Jungle Book nayo ilikuwa kitabu cha Kipling kabla ya katuni, na ni kweli, lakini hiyo ya 2016 imebeba hadi nyimbo za katuni, yule dubu bado anaimba wimbo wake wa 1967, sasa hapo utasema ilitoka kwa kitabu aje?

Mfano mtamu zaidi wa rimeki hauko hata Marekani, uko India, na wale wa DJ Afro, yule wa kuweka sauti yake juu ya muvi za nje, mtanielewa haraka. India wana lugha nyingi na kila lugha karibu ina industri yake ya sinema, kwa hivyo muvi ikivuma kwa Kimalayalam huko kusini, wa Kihindi wananunua haki wanaitengeneza upya na staa wao. Drishyam ilitoka 2013 kwa Kimalayalam, Mohanlal akiwa jamaa wa kawaida tu mwenye biashara ya kebo ya TV, shule hakufika mbali lakini amekaa kwa ofisi yake akiangalia muvi usiku kucha. Siku familia yake inaingia kwa shida ya mauaji, jamaa anatumia kila kitu alichoona kwa muvi kuwaficha polisi ukweli, anapeleka familia safari, anahakikisha wameonekana kwa basi, kwa hoteli, kwa sinema, ndio baadaye wale watu waseme wenyewe "ndiyo, tuliwaona siku hiyo". Hiyo stori ikafanywa kwa Kikannada na Kitelugu 2014, kwa Kitamil na Kihindi 2015, ile ya Kihindi ndio ya Ajay Devgn ambayo wengi wetu tuliiona tukidhani ndio ya kwanza, halafu Wachina wakaitengeneza 2019 wakaipeleka hadi Thailand. Baba mpenda muvi anabaki baba mpenda muvi, binti anabaki binti, polisi mkubwa bado ni mama wa yule kijana aliyepotea. Hiyo ndio rimeki ya kweli kweli, mifupa ni ile ile, nyama tu ndio imebadilishwa.

Lakini muvi ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ Afro si rimeki ata akiongeza maneno yake ya kuchekesha na kuwapea watu majina ya mtaani, picha ni ile ile, sauti ndio imewekwa juu. Na muvi ya zamani iliyorudishwa sinema ikiwa na picha safi pia si rimeki.

Sasa ributi. Hii iko karibu na sisi kuliko mnavyodhani. Ile Tomb Raider ya pili ya Angelina Jolie, ya 2003, sehemu zingine zilishutiwa hapa hapa Hell's Gate, Naivasha, Nakuru County, si mbali. Baada ya hapo ikalala miaka 15, ikarudi 2018 na Alicia Vikander, Lara Croft ni yule yule kwa jina lakini ni msichana mdogo anaanza maisha, anapeleka baiskeli London, mambo ya Jolie hayakutokea kabisa. Hawakurudia stori ya kwanza, walizima mtambo wakawasha upya. Spider-Man nayo ndio walituchosha, 2002 tukaona anko wake Ben anakufa, 2012 wakaweka kijana mwingine tukaona anko Ben anakufa tena, ikafika 2017 hata watengenezaji wakaona aibu wakaruka hiyo sehemu. Halafu 2021 wakawaleta hao Spider-Man wote watatu kwa muvi moja na popote uliiona, najua ulipiga kelele, usinidanganye.

Watu huuliza mbona wasitunge tu kitu kipya. Jibu la kwanza ni pesa na haliko mbali. Disney walirudia The Lion King 2019, ile ya kwanza ya 1994 ambayo hata watengenezaji wake walifunga safari hadi hapo Hell's Gate kuangalia mawe na nyasi zetu kabla ya kuchora. Ya kwanza ilikuwa dakika 88, hii ya 2019 ikawa 118, nusu saa zaidi na stori ni ile ile, simba mtoto anatoroka anarudi. Watu wakasema sura za simba hazionyeshi machozi wala furaha, na hapo mimi niko upande wao, ukiweka simba anafanana na wa Nakuru National Park halafu unataka alie kama katuni haiwezekani. Lakini hiyo muvi iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Kwa hivyo ukiwa wewe ndio mwenye kampuni, na umeona hivyo, utasikiza kelele za mtandaoni ama utafungua ofisi ya rimeki? 2025 wakarudisha Lilo & Stitch ikapita bilioni moja, mwaka huo huo Snow White ikaanguka vibaya, na Moana ambayo katuni yake ni ya juzi tu, 2016, ya watu wa kawaida imepangiwa Julai 2026, Dwayne Johnson bado ni Maui ila sasa ni mwili wake. Miaka kumi! Mtoto aliyeiona akiwa nasari hajamaliza hata sekondari.

Kwanza hiyo Lion King ya 2019 watu huita "ya simba halisi" na si halisi, ni kompyuta mwanzo mwisho. Mwongozaji wake Jon Favreau alisema kuna shoti moja tu ya kamera ya kweli, ile ya jua likichomoza pale mwanzo. Kwa hivyo ni katuni imerudiwa ikiwa katuni ingine ghali zaidi.

Jibu la pili ni haki, na hili watu hawalizungumzii sana. Stori ni mali ya mtu kama shamba. Kampuni inaweza kununua haki za kutengeneza muvi ya jamaa fulani lakini kwa mkataba ikaandikwa ukikaa miaka fulani bila kutengeneza, haki zinarudi kwa mwenyewe. Hapo ndio utaona muvi imeharakishwa na hakuna aliyeiomba. Na ukirudia stori ya mtu bila kuongea na yeye, utapelekwa kortini. Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars 1964, Clint Eastwood na kofia yake na ile blanketi begani, na kumbe stori ilikuwa ya Yojimbo ya Akira Kurosawa wa Japani, ya 1961, jamaa asiye na kwao anaingia mji wenye magenge mawili anayachonganisha yamalizane. Wajapani wakashtaki, mambo yakaishia kwa makubaliano, Kurosawa akapewa asilimia 15 ya mapato na haki za kuisambaza Japani, Taiwan na Korea Kusini. Kwa hivyo kuna rimeki ya ruhusa na kuna ile ya kubeba tu.

Pia kabla hujaforwadi trela hakikisha ni trela. Siku hizi mtu anakaa na kompyuta yake, anaunganisha vipande vya muvi tofauti, anaongeza sura za AI, anaandika "Titanic 2", na kesho grupu nzima iko moto na kuna mtu ameshaapa imetoka. Angalia kama kampuni yenyewe ndio imepost, na angalia chini kabisa kwa maelezo, wengi wao huandika wenyewe kwamba ni ya kubuni tu lakini nani husoma hapo chini.

Kuna moja tu ambayo inasumbua hili swali langu la kukumbuka, na ni Karate Kid. Ya 1984, kijana Daniel anahamia mji mpya Los Angeles, anapigwa na wenzake, mzee Miyagi anamchukua kumfunza na badala ya ngumi anampea magari apige wax, huu mkono zungusha hivi, ule mwingine zungusha hivi, siku nzima, baadaye ndio kijana anagundua ile mikono tayari inajua kukinga. Ya 2010 ni Jaden Smith anahamia Beijing, anapigwa na wenzake, na Jackie Chan anamwambia vaa koti, vua koti, litundike, liangushe, liokote, mara mia na mia, mpaka siku anamrushia ngumi na mikono inajibu yenyewe. Ile ile. Hata karate hakuna humo ndani, ni kung fu, na jina bado wakaacha. Ile ya 2010 haikumtaja Daniel wala Miyagi popote, kwa hivyo ni rimeki, tumekubaliana.

Halafu 2025 ikatoka Karate Kid: Legends, na ndani yake Jackie Chan yuko kama yule yule mwalimu wa 2010, na Ralph Macchio yuko kama yule yule Daniel wa 1984, wawili wanamfunza kijana mmoja New York, na tunaambiwa mwalimu wa Beijing na mzee Miyagi walikuwa marafiki kitambo. Yaani ile rimeki imekumbushwa kwa nguvu. Jamaa mmoja wa Kondele alinibishia kwamba sasa ile ya 2010 imegeuka kuwa sikweli, "omera, si wamejuana!", na sikuweza kumcheka kwa sababu kwa kipimo changu mwenyewe ana pointi. Ila mimi nasema muvi ipimwe na vile ilikuwa siku ilitoka, na ya 2010 ilitoka ikiwa rimeki, hao wa 2025 ndio wameioza kwa familia baadaye, na Jaden Smith mwenyewe hata hawakumleta kwa harusi.